Mgawaji na Hesabu Yake



Ndugu wasomaji, ukurasa huu umezoea kushughulika na mambo ya ndani ya nyumba: malezi ya watoto, mirathi, haki za mume na mke, na amana baina ya jirani na jirani. Mwezi huu twaomba ruhusa tutoke nje ya ua kidogo, tuliangalie jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la Serikali na matajiri tu, wala halitugusi sisi watu wa pwani tulao samaki. Jambo lenyewe ni ugawaji wa vitalu vya kuwindia na vibali vya kuua wanyama wa porini. Makusudio yetu si kumtukana mtu wala kumpamba mtu. Twataka kuuliza swali moja tu: mwenye madaraka akiishika mali iliyo ya watu wote, kisha akampa mtu mmoja au kikundi kimoja waitumie peke yao, ni masharti gani yanayomlazimu mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya waja wake?

Swali hili limeletwa na vijana wa darasa letu hapa Kimbiji, tulipofika mlango wa uwindaji katika fiqhi. Walikwisha soma kwamba mnyama wa porini ni mubaha, bi maana hana mwenyewe, na anayemkamata kwa njia ya halali ndiye ammilikiye. Basi wakasema: ikiwa ndivyo, mbona mwenyeji akitega paa huitwa jangili, na mtu atokaye ng'ambo kwa ndege akampiga simba huitwa mgeni wa heshima? Swali ni zuri, nalo halifai kukatizwa kwa neno moja.

Jawabu la kwanza ni hili. Hukumu ya mubaha haina maana ya kuwa kila mtu afanye apendavyo hata kitu kimalizike. Maji, malisho na moto, Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika vitu hivyo. Na ushirika una adabu zake. Washirika wakiwa wengi na mali ikawa chache, hapana budi awepo msimamizi wa kuiwekea mpaka, ili wa leo wasiile ya kesho. Kwa hiyo Serikali kutaka leseni na kuweka idadi ya wanyama wa kuwindwa si dhuluma kwa asili yake. Lakini wanazuoni wetu wameweka kanuni iliyo mashuhuri, nayo ni kwamba kila atendalo kiongozi juu ya raia limefungwa na maslaha ya raia wale. Akiigawa mali yao kwa maslaha yao, ametenda kwa haki. Akiigawa kwa maslaha ya nafsi yake au ya rafiki zake, amefanya khiana, ijapokuwa ana muhuri na karatasi zote mkononi.

*Habari ya vitalu katika nchi yetu*

Yafaa kijana ajue jambo hili lilianzaje. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji katika nchi hii. Amri ile ilimtaka mwindaji awe na leseni ya kulipia, ikatenga na mapori mawili ya akiba, moja upande wa Kilimanjaro na moja upande wa Rufiji, si mbali sana na kwetu. Tokea siku zile mwenyeji aliyeishi na wanyama kwa upinde na mtego alijikuta mkosaji katika pori la babu yake, na mgeni mwenye fedha akawa ndiye mwenye haki. Pori la kusini ya Rufiji likaja kupanuliwa na kuitwa Selous, kwa jina la mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwezi Januari 1917. Lakini wazee wetu walikuwa na jina lao: waliliita Shamba la Bibi, wakisimulia kuwa Kaizari wa Ujerumani alimpa mkewe. Hata kama kisa hicho ni masimulizi tu, jina lenyewe latosha kuonyesha fikira za watu. Waliona pori kubwa limegawiwa, wao hawakuulizwa, basi wakaamini kuwa mtu amempa mkewe zawadi.

Uhuru ulipokaribia, mwezi Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitoa tamko pale Arusha, akawahesabu wanyama wa porini kuwa ni amana iliyo mikononi mwa Waafrika kwa ajili ya watoto na wajukuu wao. Neno amana, ndugu zangu, ni neno letu, na uzito wake twaujua. Mwaka 1973 uwindaji ukafungwa. Mwaka 1978 ukafunguliwa tena chini ya shirika la Serikali lililoitwa TAWICO. Na katika miaka ya 1980 makampuni ya watu binafsi yakaruhusiwa kuingia. Jirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine, wakaupiga marufuku mwaka 1977.

Hapo ndipo mambo ya kugawana vitalu yalipoanza kuwa makubwa. Kwa muda mrefu ada ya kitalu ilikuwa dola 7,500 za Kimarekani kwa mwaka, kiwe kikubwa au kidogo, kiwe na wanyama tele au kikavu. Baadhi ya waliopewa hawakuwinda wenyewe. Walivikodisha kwa wawindaji wa kigeni kwa bei iliyopita mbali ile waliyoilipa Serikalini. Basi tafakari, ewe msomaji. Mali ni ya umma, na tofauti ya bei yaingia katika mfuko wa mtu ambaye jasho lake lote ni kujua mlango wa kubisha. Mtu wa namna hiyo hakufuga, hakulinda, wala hakupanda mti mmoja.

Yapasa tuwe waadilifu tuseme pia yaliyotengenezwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 iliweka kamati ya kumshauri Waziri katika ugawaji, ikaweka muda wa miaka 5 kwa kila mgawo, na ikakataza kampuni moja kushika vitalu zaidi ya 5. Vitalu vikapangwa madaraja, na ada ikafuata daraja. Mwezi Oktoba 2017 Waziri Hamisi Kigwangalla alitangaza kufuta vibali vilivyogawiwa mwaka ule na kusema kuwa vitalu vigawiwe kwa mnada. Na mwaka 2019 mamlaka inayosimamia wanyamapori, TAWA, ikaanza mnada kwa njia ya mtandao. Mwaka huo huo sehemu kubwa ya Selous, kilomita za mraba 30,893, ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo uwindaji haumo. Hatua hizo zaonyesha kuwa makosa ya zamani yalionekana, na kuona kosa ni nusu ya dawa.

*Mafundisho ya Bwana Mtume na maswahaba*

Sasa na turudi katika vitabu vyetu. Waislamu hatukuachwa bila mfano katika jambo hili. Tunayo mifano minne iliyo wazi, nami nawaomba wazazi wawasimulie watoto wao usiku baada ya chakula.

Mfano wa kwanza. Bwana mmoja wa Yemen, Abyad bin Hammal, alimwendea Bwana Mtume (s.a.w.) akaomba apewe machimbo ya chumvi ya Maarib. Bwana Mtume akampa. Alipokwisha kuondoka, mtu mmoja katika baraza akaeleza kuwa chumvi ile ni mfano wa maji yasiyokatika, ambayo kila mtu huyafikia na kuyachota. Bwana Mtume alipojua hakika ya jambo, aliuondoa mgawo ule. Khabari hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Angalieni mambo matatu ndani yake: mgawo ulifanywa barazani, watu wakiona, mtu wa kawaida alikuwa na nafasi ya kusema neno, na ukweli ulipodhihiri, mgawo ulirudishwa, wala haikusemwa kuwa kalamu imekwisha andika. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona aibu kurudisha, ni nani katika sisi aliye mkubwa hata asirudishe?

Mfano wa pili. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa amempa Bilal bin Harith ardhi ya Al-Aqiq. Zama za Sayyidna Umar (r.a.) ikaonekana kuwa hawezi kuitumia yote. Sayyidna Umar akamwachia ile aliyoiweza, na iliyobaki akawagawia Waislamu wengine. Maana yake, mgawo wa mali ya umma hutolewa ili itumiwe na kustawishwa. Haukutolewa ili mtu aikalie na kuikodisha.

Mfano wa tatu. Sayyidna Umar alitenga malisho ya umma, ambayo Waarabu huyaita himaa, akamweka msimamizi jina lake Hunayy. Bukhari ameipokea amri aliyompa. Alimwagiza awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akamwambia awaache waingie wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Ibn Auf na wa Ibn Affan. Nao ni nani hao? Ni Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, matajiri wa Madina, maswahaba watukufu waliobashiriwa Pepo. Sababu aliyoitoa ni kuwa matajiri hao wanyama wao wakifa wana mitende na mashamba ya kurejea, lakini maskini wanyama wake wakifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa kulia njaa. Na akasema kuwa wenyeji wa ardhi ile huenda wakaona amewadhulumu, kwa kuwa ni nchi yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa juu yake. Subhanallah! Mtawala atenga malisho kwa maslaha ya umma, na papo hapo aukiri uchungu wa wenyeji, na lango alifungua kwa mnyonge kabla ya mwenye nguvu. Siku hizi barazani husemwa, mwenye nguvu mpishe. Sayyidna Umar alimpisha asiye na nguvu.

Mfano wa nne wahusu watu wa nyumbani. Abdullah mwana wa Umar alinunua ngamia, akawapeleka katika himaa, wakanenepa. Baba yake alipowaona sokoni wamenona, akahofu kuwa wachungaji waliwapisha na kuwanywesha kwanza kwa kuwa ni ngamia wa mwana wa Amiri wa Waumini. Akamwamuru awauze, achukue mtaji wake, na faida yote aitie Baitulmali. Abdullah hakuiba wala hakutoa rushwa. Malisho yalikuwa wazi kwake kama kwa wengine. Lakini jina la baba lilitosha kuwa ufunguo, na Sayyidna Umar hakukubali jina lake liwe ufunguo.

*Loliondo, na mtihani wa undugu*

Kwa mizani hiyo na tulitazame jambo moja ambalo Waislamu wengi huliepuka. Mwaka 1992 Serikali ilimpa ofisa mkubwa wa jeshi la Falme za Kiarabu kibali cha kuwinda katika Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, kwa miaka 10. Kampuni yake ikajulikana kwa jina la Ortello Business Corporation, yaani OBC. Mwaka 1993 mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi akaliandika jambo hilo, na nchi nzima ikalisikia. Lalamiko kubwa la Wamasai wa huko lilikuwa kwamba ardhi ile ina vijiji na malisho yao, nao hawakushauriwa kama ipasavyo kabla ya mgeni kupewa.

Miaka ikapita, na ugomvi haukupoa. Mwaka 2009, wakati wa ukame, maboma yalichomwa moto na watu wakaondolewa pamoja na mifugo yao. Mwaka 2013 ukatangazwa mpango wa kutenga kilomita za mraba 1,500. Wananchi wakapinga, na mwezi Septemba mwaka ule Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaenda Loliondo kuwaambia kuwa hawataondolewa. Mwaka 2017 maboma yakachomwa tena, na vijiji vinne vikaenda Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. Mwezi Juni 2022 vigingi vikawekwa katika kilomita zile 1,500. Ikatokea vurugu, askari polisi mmoja akauawa, wananchi wakajeruhiwa, na wengine wakakimbilia Kenya.

Upande wa Serikali hoja yake ni kwamba eneo lile ni chemchemi ya maji na mazalio ya wanyama wa Serengeti, na kwamba mifugo imezidi. Hoja hiyo si ya kubezwa, kwani ardhi iliyoliwa ikaisha haimfai mchungaji wala mwindaji. Kampuni nayo ilisaidia visima na majengo ya shule. Lakini hapo ndipo penye swali letu. Ikiwa sababu ni kuhifadhi, mchungaji aambiwe kwa hesabu iliyo wazi kwa nini ng'ombe wake ahame na bunduki ya mwindaji ibaki. Ikiwa sababu ni mapato, na ahesabiwe mapato hayo hadharani, ajue sehemu yake na sehemu ya Taifa. Kisima kikitolewa kama sadaka, ni thawabu kwa mtoaji. Kisima kikitolewa badala ya haki, haki ingali ni deni.

Na sasa nasema lile linalokwepwa. Wako ndugu zetu ambao, mradi mpewaji ni Mwarabu na Mwislamu, humtetea kabla ya kusikia shauri. Na Mmasai, kwa kuwa wengi wao si wa dini yetu, kilio chake hawakisikii. Huu si mwendo wa Kiislamu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kusimamisha uadilifu ijapokuwa ushahidi utatuumiza sisi wenyewe, au wazazi, au jamaa zetu. Na katika Sura Al-Maida, aya ya 8, ametukataza chuki ya watu isituache tukaacha uadilifu. Ikiwa chuki haikubaliwi kuwa udhuru, mapenzi nayo yatakubaliwaje? Dua ya aliyedhulumiwa haiulizwi kabila wala dini. Bwana Mtume ametuonya kuwa baina yake na Mwenyezi Mungu hakuna pazia.

Kwa upande wa pili, wako wanaoshika jambo hili wapate kuwatukana Waarabu na Waislamu wote. Hao nao wamekosa. Mwaka 2007 kampuni nyingine ya kutoka Falme za Kiarabu ilipewa nafasi ya kuwinda katika bonde la Yaeda Chini, nchi ya Wahadzabe, watu wachache ambao uwindaji ndio shamba lao na ndilo duka lao. Wahadzabe wakalalamika, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ile ikajiondoa. Twasema haki: mwenye kurudi nyuma baada ya kusikia kilio cha wenyeji, amefanya jambo jema. Na waliowagawia nchi yao bila ya kuwaridhia, wao ndio wa kuulizwa kwanza. Mpokeaji ana kosa lake akijua. Lakini ufunguo ulikuwa mkononi mwa mgawaji.

*Njia za kugawa*

Vijana watauliza: je, njia ipi ni bora? Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuteua, mkubwa amchague amtakaye. Njia hii ina hatari zaidi, kwani yafungua mlango wa zawadi. Nanyi mwakijua kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka ya Bani Sulaym, akarudi akasema hii yenu na hii nimetunukiwa. Bwana Mtume alipanda mimbari akauliza mbele ya watu kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, angeletewa zawadi hizo? Swali hilo ni kipimo cha kila mgawaji wa kila zama.

Ya pili ni mnada. Sifa yake ni kuwa bei huonekana na Baitulmali hupata. Upungufu wake ni kuwa mwenye fedha nyingi hushinda daima, na mwenyeji hawezi hata kusogea mezani. Katika jimbo la Utah, huko Marekani, Serikali hutenga baadhi ya vibali vya uwindaji na kuvikabidhi kwa jumuiya binafsi za wawindaji, nazo huvinadi. Kanuni ya huko ni kuwa jumuiya hujibakizia sehemu 10 katika 100 kwa gharama zake, 30 hupelekwa kwenye idara ya wanyama, na 60 hutumika kwa kazi za hifadhi ambazo idara imezikubali. Hata hivyo wananchi huuliza kwa nini kitu cha wote kinadiwe na wachache, na hutaka hesabu. Wana haki kuuliza. Na jumuiya iliyo safi haina cha kuogopa.

Ya tatu ni kura. Kura baina ya wenye haki sawa ina asili katika dini: Bwana Mtume alipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri, na Qur'ani yatupa khabari ya watu waliotupa kalamu zao ili ajulikane atakayemlea Maryam. Walakini vijana wajihadhari wasichanganye kura na kamari. Kura ya halali ni ile ambayo haki imekwisha kuwa sawa, na inatakiwa tu kujulikana wa kutangulia. Bali ikiwa kila mwombaji atoa fedha zinazozidi gharama, fedha zile zikawa faida ya mwenye kupigisha kura, na apataye ni mmoja, hapo jambo limekwisha kuukaribia mlango uliokatazwa, na waulizwe wanazuoni kabla mtu hajatia mkono.

Njia yoyote ichukuliwayo, masharti ni yale yale. Kwanza, idadi ya wanyama ifuate hesabu ya kweli ya waliomo porini, wala isifuate tamaa ya mnunuzi. Pili, wenyeji washauriwe kabla ya mgawo, si baada yake. Tatu, ijulikane waziwazi nani amepewa, nini, kwa bei gani na mpaka lini. Nne, mgawaji na jamaa zake wasiwe na fungu. Tano, mapato yasomwe mbele ya watu, na kijiji kipate kilichoahidiwa kwa wakati wake. Sita, panapodhihiri kosa, mgawo urudishwe, kama ulivyorudishwa ule wa chumvi ya Maarib.

*Vitalu vyetu vya nyumbani*

Ndugu wasomaji, ni rahisi kumhukumu Waziri ukiwa umekaa kivulini. Basi na tugeuze kioo. Kila mwaka katika Idi ya Kuchinja, wafadhili wa mbali hutuma wanyama wa kurbani katika miji na vijiji vyetu, na nyama hugawiwa kwa tiketi. Tiketi hizo ni nini kama si vibali? Kamati iliyokabidhiwa ni kikundi binafsi, na mali ni ya maskini. Je, orodha hutundikwa? Mjane asiye na mtu katika kamati hupata tiketi, au husubiri mlangoni hadi jua litue akarudi na mfuko mtupu? Mapaja yaenda wapi, na mifupa yaenda wapi? Mwanakamati ambaye binamu zake wanne wana tiketi mbili mbili hana haki ya kunyoosha kidole kuelekea Loliondo. Kiasi ni kidogo, lakini dhambi ni ya jamii moja.

Na kadhalika zamu ya bomba la maji, nafasi za kutandaza dagaa ufukweni, viwanja vya kijiji, na nafasi za watoto wanaosomeshwa bure. Kila palipo na kitu kichache cha wengi, na mtu mmoja ameshika kalamu, pale pana Hunayy, na pana dua ya aliyedhulumiwa ikingoja kupaa.

Enyi kina mama, mafunzo haya huanza kwenye sinia. Mtoto anayeona nyama ikigawiwa nyumbani kwa haki, mdogo kwa mkubwa, yatima kwa mwana wa kuzaa, atakua akijua haki ina sura gani. Na mtoto anayeona mama humfichia kipande yule ampendaye, amekwisha kusomeshwa darasa la kwanza la upendeleo. Enyi kina baba, mkichaguliwa katika kamati yoyote, andikeni, soma kwa sauti kilichoandikwa, na mkubali kuulizwa bila ya kukasirika. Anayekasirika kwa kuulizwa hesabu amekwisha kuitoa nusu yake.

Nanyi vijana, msinyamaze kwa woga wala msiseme kwa matusi. Yule bwana aliyesema neno katika baraza la Bwana Mtume hakupiga kelele. Alieleza hakika ya kitu kilichogawiwa, kwa adabu, mbele ya mwenye kugawa, na neno lake likaiokoa chumvi ya watu wote. Jifunzeni sheria za nchi yenu, hudhurieni mikutano ya vijiji na mitaa, ombeni kusomewa mapato na matumizi, na muulize kwa ushahidi. Sura Al-Baqara, aya ya 188, imetukataza kulana mali zetu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili tule sehemu ya mali za watu hali twajua. Anayejua na akanyamaza, naye ajiangalie.

Simba wa porini hajui nani ana kitalu, na swala hajui ada ni dola ngapi. Lakini siku itafika ambapo kalamu iliyogawa italetwa, na karatasi italetwa, na mwenye kugawa atasimama peke yake bila karani wala mlinzi. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wagawaji waadilifu katika kidogo tulichopewa, awaongoze viongozi wetu katika kikubwa walichokabidhiwa, awalipe wanyonge haki zao hapa duniani kabla ya kule Akhera, na atulinde tusije tukawa mahasimu wa maskini siku ambayo hakuna wa kututetea. Amin.